"Siku Tano za Nini?" Jibu Letu kwa Wanaolalamikia Bei ya Safari ya Kambi Australia Kusini

Kila msimu wa safari zetu za siku tano za kutazama wanyama ukikaribia, ujumbe wa wateja ni uleule na maneno karibu yaleyale: "Kaka, hela yote hiyo halafu mnatulaza chini?" Mwingine anauliza siku tano ni za nini wakati ramani ya simu inamwonyesha kwamba Adelaide, mji mkuu wa jimbo, hadi Port Lincoln, mji wa pwani, ni saa saba tu. Tumezoea kumjibu kila mtu kwa simu. Lakini sasa mteja mmoja ameandika hadharani kwamba tumemwibia, kwa sababu safari yake ya boti ilifutwa, na tangu hapo watu wanatuuliza kama ni kweli. Basi tujibu mara moja, kwa urefu, na hesabu tuiweke mezani.

Kwa wasioijua safari yenyewe: tunatoka Adelaide, tunapita Port Augusta, tunakata magharibi hadi Kimba na Wudinna, kisha tunapanda kaskazini kwenye Hifadhi ya Taifa ya Gawler Ranges. Huko tunalala mara mbili. Siku ya tatu tunashuka pwani, Baird Bay na Point Labatt, halafu tunafuata ufuo kuelekea Coffin Bay na Port Lincoln, ndipo tunarudi. Mzunguko mzima unapita kilomita 1,700. Asubuhi moja umesimama chini ya nguzo za mwamba wa volkano wenye umri unaozidi miaka bilioni 1.5, na baada ya siku moja uko majini na simba-bahari, mnyama wa majini wa jamii ya sili.

Sasa tuje kwenye kiini, maana kila swali la bei linatokana na jambo hili kutoeleweka. Wengi wetu tumekulia Afrika Mashariki, na mbuga tunazozijua ni za mchana. Serengeti hata saa nne asubuhi unapata tembo, twiga, pundamilia, na simba amelala chini ya mti mita chache kutoka kwenye gari. Wanyama wa Australia hawaishi hivyo. Kangaruu hushinda kivulini, na rangi yake ni ya udongo uleule aliolalia, kwa hiyo unaweza kupita kundi zima usilione. Wombati, mnyama mnene mwenye mfuko anayechimba mashimo, yuko shimoni. Walabi wa miambani, kangaruu mdogo yule mwenye miguu ya manjano na mkia wenye pete, amejibana kwenye ufa wa jabali. Wanatoka jua linapoelekea kuzama, na tena alfajiri kabla halijapanda. Hizo ndizo saa za kuwaona, na hizohizo ndizo saa wanazovuka barabara. Jioni, basi, ama uwe umeshaegesha gari uko kambini unawatazama, ama uwe barabarani unawagonga. Ukiichambua bei yetu yote, inalipia hilo la kwanza.

Ndiyo maana tunaondoka Adelaide saa kumi na mbili asubuhi kamili, na ndiyo maana tunakasirika, tena tunasema wazi kwamba tunakasirika, mtu akifika saa moja na nusu na kikombe cha kahawa mkononi. Mwezi wa saba jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Hadi Wudinna ni karibu kilomita 570, na baada ya hapo lami inakwisha. Saa moja na nusu iliyopotea Adelaide tutakuja kuilipa kwenye changarawe, gizani, mahali ambapo dume la kangaruu mwekundu linaweza kuwa na uzito wa kilo 80.

Njia ya mkato ambayo wateja wanaipenda kuliko zote ni hii: wanatuomba siku tatu badala ya tano. Tukikataa, wanakodi gari dogo uwanja wa ndege na kwenda wenyewe. Hatumzuii mtu. Barabara ni za wote, na wapo wanaojua kujiendesha vizuri kabisa. Lakini kilomita 1,700 kwa siku tatu maana yake ni kuendesha kutwa na kuendelea usiku. Tena mkataba wa gari la kukodi watu hawausomi. Makampuni mengi ya kukodisha hayaruhusu gari dogo kuingia barabara isiyo na lami, na baadhi yana kifungu kinachosema ukiendesha nje ya mji kati ya machweo na macheo, bima haikuhusu. Kifungu hicho kimeandikwa kwa herufi ndogo, kurasa za nyuma, na mtu ametia saini akiwa na usingizi wa ndege.

Tulikuwa na kaka mmoja wa Melbourne, wakwe zake wamekuja kutoka Mwanza, anataka kuwaonyesha nchi. Aliona siku tano ni nyingi na bei ni kubwa, akachukua gari dogo jeupe la kukodi. Walitoka Adelaide baada ya chakula cha mchana. Walipoipita Kimba giza lilikuwa limeshaingia, na kangaruu akatokea upande wa kushoto. Rejeta ilipasuka, boneti ikajikunja, taa zote mbili zikafa. Wazee wale walikaa pembeni ya barabara kuu usiku wa Julai, malori marefu ya mita 36 yakipita na kulitikisa gari, hadi msamaria mmoja aliposimama. Gari la kuvuta lilitoka mbali. Hoteli walilala siku mbili wakisubiri. Kampuni ya kukodisha ikasoma saa ya ajali, ikamtwika gharama zote. Alitupigia kuuliza kama tunaweza kuwachukua, nasi tulikuwa ndani ya hifadhi na kundi lingine, gari limejaa. Alichotumia kilizidi bei yetu ya watu wanne. Tunaisimulia hii kwa ruhusa yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuiandike.

Wala si gari tu linaloumia. Asubuhi ukipita barabara hizo unaona kilichogongwa usiku, na juu yake tai wakubwa wa huku wakila, nao wakichelewa kuruka wanagongwa pia. Dereva wetu husimama, si kila mara, ila pale ambapo pana nafasi salama ya kuegesha na mzoga ni wa jike. Anavaa glavu, anaangalia ndani ya mfuko wa tumboni wa jike huyo kama kuna mtoto. Msimu mmoja, magharibi ya mji mdogo wa Iron Knob, alikuta mtoto hai, manyoya ndiyo kwanza yameanza kuota, masikio yamelala kichwani. Walimfunga ndani ya sweta, abiria mmoja wa kike akamweka tumboni chini ya koti lake ili apate joto, na mtandao wa simu uliporudi tukawapigia watu wa kuokoa wanyamapori. Mlezi wao alitupokea mji uliofuata. Kundi lile lilichelewa saa nzima na hakuna aliyelalamika.

Tuzungumzie gari. Wateja huuliza kwa nini hatutumii basi dogo la kawaida, ambalo lingepunguza bei. Changarawe ya kwenda hifadhini ina vituta vidogo vilivyopangana kilomita nyingi mfululizo, na vinalegeza kila kilichofungwa: nati, tairi la akiba, milango ya friji, meno ya abiria. Shokapu za gari la mjini hazimalizi msimu hapo. Tukifika lami inapoishia tunasimama na kupunguza upepo wa tairi hadi kama psi 28, na tukirudi lami tunaujaza tena kwa pampu yetu. Hilo linachukua dakika ishirini, na kuna watu wanaona ni kupoteza muda. Kila tunaposimama, dereva anazunguka gari, anapiga goti, anaweka kiganja kwenye kila tairi, kisha kwenye kitovu cha kila gurudumu. Moja likiwa na joto kuliko mengine, ama upepo unavuja ama beringi inaanza kufa. Tumeshagundua beringi ya trela kwa njia hiyo, kwa kiganja tu, ikabadilishwa Wudinna kwenye gereji kabla haijang'oka porini. Tunabeba spea mbili, si moja. Tunabeba simu ya setilaiti na kifaa cha kutuma ishara ya dharura, kwa sababu sehemu kubwa ya Gawler Ranges haina mtandao. Na maji yote ya kunywa na kupikia tunaingia nayo. Hivyo vyote vina bei, na safari ikienda salama hutaviona vikitumika.

Kuhusu kulala chini. Mnalala ndani ya turubai nene lenye godoro ndani yake na zipu juu, watu wa huku wanaliita swagi. Si hema la duka la jumla. Mwezi wa saba usiku wa huko ndani, mbali na pwani, unaweza kushuka hadi karibu na nyuzi 0, na watu wa Dar au Mombasa hawaamini mpaka waione barafu nyembamba juu ya turubai alfajiri. Kila mwaka yupo anayetaka punguzo kwa kuja na mfuko wake wa kulalia. Dada mmoja alikuja na mfuko mwepesi ulioandikwa wa majira ya joto, tukamwambia, akasema amezoea baridi ya Njombe. Usiku wa kwanza alihamia ndani ya gari na injini hatuwashi usiku, kwa hiyo hakupata joto huko pia. Tulimpa blanketi za akiba, ambazo tunazibeba kwa sababu hiyo. Punguzo alilopata lilikuwa dogo sana ukilinganisha na usiku alioupoteza. Siku hizi punguzo hilo tumelifuta: ukija na vyako karibu, lakini vyetu vinapakiwa na bei ni ileile.

Na mahali pa kulala tunapachagua sisi. Watu hupenda kutandika chini ya mkaratusi mkubwa kwa ajili ya kivuli na picha. Hatukubali. Mikaratusi huangusha matawi bila upepo wala onyo, na tawi lenyewe unaweza kulikuta ni nene kuliko paja la mtu. Ukiona dereva anatembea na tochi akitazama juu kabla hajasema "hapa," anafanya kazi yake.

Asubuhi yake ndiyo malipo ya yote hayo. Tunawaamsha saa kumi na moja na nusu, chai ya tangawizi ipo tayari, na hakuna kuwasha gari. Mnatembea hatua chache tu. Kangaruu wa kijivu wanakula majani, emu dume, ndege mkubwa anayefanana na mbuni, anapita na vifaranga wenye mistari, maana kwa emu baba ndiye anayelalia mayai na kulea. Alasiri tunakwenda kukaa mbali kidogo na mashimo ya wombati. Aliyeko huku ni yule wa pua yenye manyoya, mnyama rasmi wa jimbo la Australia Kusini. Majira ya baridi hutoka mapema kidogo kuota jua mlangoni pake. Ukinyamaza utamsikia kabla ya kumwona: makucha yakikwangua chokaa, udongo ukirushwa nyuma. Jike ana mfuko unaotazama nyuma, ili anapochimba mtoto asijazwe mchanga. Haya huyaoni ukiwa na siku tatu, kwa sababu saa hiyo ya alasiri mwenye siku tatu yuko barabarani.

Sasa tufike kwa yule aliyesema tumemwibia. Yeye na familia yake walilipia kuogelea na simba-bahari na pomboo Baird Bay. Siku hiyo upepo wa kusini-magharibi uliamka, mawimbi yakawa makubwa mdomoni mwa ghuba, nahodha akafuta safari. Nahodha si mtu wetu, ana boti yake na leseni yake, na akisema hapana ni hapana. Hatujawahi kumbembeleza na hatutafanya hivyo. Fedha ya boti ilirudishwa yote, hata senti haikukatwa, na risiti tunayo. Anachodai ni kwamba safari nzima haikuwa na maana bila kuogelea, kwa hiyo arudishiwe ya siku zote tano.

Tunaelewa uchungu wake. Watoto walikuwa wameshavaa nguo za kuogelea. Lakini saa ileile tuliwapeleka Point Labatt, na hiyo hakuiandika. Pale unasimama juu ya jabali, na chini yako ni mojawapo ya makoloni machache ya simba-bahari wa Australia yaliyopo bara, maana wengi wao huzalia visiwani. Ni mnyama aliye hatarini kutoweka, haishi popote duniani ila Australia, na karne ya 19 aliwindwa kwa ngozi na mafuta. Huzaa kila baada ya miezi 17 au 18 hivi, si kila mwaka, ndiyo maana ni vigumu idadi yake kupona. Tuliwafungia darubini kwenye miguu mitatu. Jike mmoja alikuwa anatoka baharini, amelowa, mweusi, anajikokota mwambani huku anaita. Watoto kadhaa waliinua vichwa, mmoja akajibu. Alimfuata huyo, akamnusa pua kwa pua, ndipo akalala ubavu amnyonyeshe. Mwingine alijaribu kuja akafukuzwa. Binti mdogo wa familia ile hakutaka kuondoka kwenye darubini, mama yake alimvuta. Kama hiyo si safari ya wanyama, sisi hatujui ni nini.

Kwa hiyo tunasema tena, na tumeongeza kwenye fomu ya kujiandikisha kwa herufi za kawaida, si ndogo: bahari haiuzwi kwa uhakika. Tukikosa boti tunarudisha ya boti. Tunajaribu kuacha nafasi ya asubuhi ya pili pale pwani, na hiyo pia ni sababu mojawapo ya siku tano. Wenye siku tatu wakikosa asubuhi moja wamekosa moja kwa moja. Na hata ukiingia majini, wewe humgusi mnyama wala humkimbilii. Unaelea na suti ya mpira, unatulia, yeye ndiye anayekuja. Wale wadogo huja hadi kwenye kioo cha uso, wanageuka kichwa chini miguu juu, wanakutazama. Mtu akinyoosha mkono anaitwa kwenye boti, na hapo hatumtetei.

Moto wa kambi nao umetuletea maneno. Kuni hatuokoti hifadhini, ni kosa kisheria, na hata isingekuwa kosa tusingeokota, kwa sababu gogo lililoanguka ni nyumba ya mijusi na wadudu ambao ndege wanawategemea. Na siku ambayo idara ya zimamoto imetangaza katazo kamili, hakuna moto. Mteja mmoja alitaka kuwasha "kidogo tu kwa ajili ya picha." Hapana. Nchi hii imeungua vibaya mara nyingi, na sisi wageni hatutakuwa chanzo cha moto mwingine. Siku hizo tunakula vya baridi: chapati tulizopika jana yake, kuku, kachumbari. Nyama yetu yote ni halali, tunainunua Adelaide kwa mchinjaji tunayemjua, na sufuria zetu hazijawahi kuingia nguruwe. Wapo wazee wanaouliza hili kwa aibu mara tatu. Msione aibu, ulizeni.

Tunajua pia kwamba kwenye makundi ya WhatsApp kuna wanaotangaza safari kama hii kwa nusu ya bei. Hatutaji mtu. Muulize tu akuonyeshe idhini ya kubeba abiria kwa malipo, leseni ya kuendesha shughuli za utalii ndani ya hifadhi, na bima ya biashara. Sisi tunazituma kwa yeyote anayeomba, kabla hajalipa chochote. Mwenye gari binafsi anayekusanya hela ya mafuta anaweza kuwa mtu mwema kabisa na dereva mzuri, lakini siku tairi likipasuka changaraweni na mtu akavunjika mkono, wema wake hautalipa hospitali. Bei yetu ikitoa dizeli, matairi, vibali, bima, boti, chakula na mishahara ya watu wawili wanaolala baada yenu na kuamka kabla yenu, kinachobaki si kikubwa. Tungependa kiwe kikubwa zaidi. Hatutakipata kwa kubeba spea moja.

Kwa wanaotaka kuja: huko ndani, Gawler Ranges, tunakwenda kati ya Aprili na Oktoba. Desemba hadi Februari hatupeleki mtu Gawler Ranges hata akilipa mara mbili. Tarehe 24 Januari 2019 Port Augusta ilifika nyuzi 49.5, na joto la namna hiyo halina mchezo na mzee wala mtoto. Miezi hiyo tunafanya pwani peke yake, Coffin Bay na Port Lincoln, pamoja na koala wa shamba la Mikkira karibu na Port Lincoln, na bei yake iko chini zaidi.

Wenye wageni kutoka nyumbani, waambieni watangaze kila chakula kwenye kadi ya uwanja wa ndege: dagaa, achari, viungo, mbegu, nyama kavu. Ukitangaza, baya zaidi ni kunyang'anywa. Ukificha ni faini ambayo inaweza kula hela yote ya safari, na imeshatokea mgeni akafika kwetu akiwa hana tena ya kulipia boti. Wanaokuja kwa gari kutoka Perth, matunda yenu yamalizeni kabla ya kituo cha ukaguzi cha Ceduna, watayachukua. Leteni soksi nzito, kofia ya usiku, taa ya kichwani, na mtutumie mapema umri wa watoto, dawa anazotumia mzee, na saizi ya kila mtu kwa ajili ya suti za majini. Saizi ya kweli, tafadhali, maana suti ikilegea inaingiza maji baridi na mtu anatoka baada ya dakika kumi.